Mashine ya kupasha damu joto ICU: inafanya kazi, ila angalieni ule mpira wa mwisho

Naandika hii riviu kwa manesi na madokta wa ICU, watu wa maabara pia, na kama una ndugu yako ameambiwa ana ugonjwa wa aglutinini baridi (kingamwili zinazofanya chembe nyekundu zishikane damu ikipoa) basi na wewe soma, itakusaidia kujua cha kuuliza. Mashine yenyewe ni ile ya kupasha damu na dripu, ile inafungwa kwenye stendi, mpira unapita kwenye sahani ya moto afu unaendelea kwa mgonjwa. Jina la kampuni naliacha kwa sababu za aina hii ziko nyingi na karibu kila ninachosema kinazihusu zote. Sisi tumekuwa nayo wodini muda mrefu, tulikuwa tunaitoa kwa majeruhi waliopoteza damu nyingi tu, siku zingine zote inakaa kabatini. Thamani yake niliijua kwa mgonjwa mmoja, na udhaifu wake niliujua kwa mgonjwa huyohuyo.

Alikuwa mzee, kaja na nimonia kali, pumzi imemshinda, akawekwa kwenye ventileta usiku uleule. Ana homa, presha iko chini, kawekewa dawa ya kupandisha presha. Tukatoa damu ya vipimo vya kawaida tukapeleka maabara, simu ikaja, sampuli imeganda leteni nyingine. Tukatoa nyingine. Simu tena, imeganda. Sasa hapo kila nesi anajua kinachofuata, unaanza kujilaumu kwamba hukuitikisa chupa vizuri au ulichelewa kuijaza, na mwenzangu wa zamu akasema labda kanula, ule mpira mdogo wa mshipani, imekaa vibaya, tukachoma mkono mwingine. Ya tatu ikapita kwenye mashine ya maabara na majibu yakaja ya ajabu: himoglobini, ile inayobeba oksijeni, 7.1, ujazo wa chembe nyekundu asilimia 13, na ile namba ya MCHC ikasoma 54.

Nataka nikae kidogo kwenye hiyo namba maana ndiyo mlango wa ugonjwa wenyewe na wengi tunaipita bila kuiangalia. MCHC inakwambia ndani ya chembe nyekundu himoglobini imejazana kiasi gani, na chembe ina nafasi yake, haiwezi kubeba zaidi ya inachobeba, kwa mtu mzima kawaida ni kama 32 mpaka 36. Sasa 54 haipo duniani. Mwili hauwezi kutengeneza chembe ya hivyo. Kwa hiyo ukiona hivyo kuna kitu kinaidanganya mashine, na kitu kimojawapo ni kwamba chembe zimeshikana mafungumafungu, mashine inahesabu fungu zima kama chembe moja kubwa au inaliacha kabisa kwa vile limezidi ukubwa inaoujua. Ndo maana hesabu ya chembe inashuka, ukubwa wa chembe unapanda, lakini himoglobini inabaki sahihi kwa sababu hiyo inapimwa baada ya chembe kupasuliwa zote. Kuna kanuni ya zamani ya maabara, himoglobini mara tatu inatakiwa ikaribie ule ujazo wa chembe, 7.1 mara tatu ni kama 21, sisi tulikuwa na 13. Hiyo peke yake ingetosha kutusimamisha pale pale. Haikutusimamisha. Tulisema maabara wamekosea, na maabara walisema sisi tumekosea, na saa zikaenda.

Aliyetuokoa ni kijana wa maabara wa zamu ya usiku. Aliishika ile chupa kwenye mwanga akaona damu imejishika kwenye ukuta wa chupa punjepunje kama mchanga, lakini sio bonge la damu iliyoganda, ni punje tu, akaiweka kwenye maji ya nyuzi 37 kwa muda, punje zikayeyuka zote damu ikawa laini kabisa. Akaiacha ipoe, zikarudi. Akaipasha tena akaipitisha kwenye mashine ikiwa ya moto, na ujazo ukasoma 21, MCHC ikashuka ikawa 34. Himoglobini ileile 7.1. Akapiga simu akasema dokta, hii damu haijaganda, hii damu inashikana ikipoa. Damu iliyoganda kweli huwezi kuigandua kwa kuipasha joto, na hapo ndo tofauti yote ilipo, ni jaribio la dakika chache na halihitaji kifaa chochote kigeni.

Niseme ugonjwa wenyewe kwa kifupi kadiri nilivyouelewa kwa bingwa wa damu. Mwili unatengeneza kingamwili, nyingi ni za aina ya IgM, ambazo zinashika chembe nyekundu damu ikipoa, kwa kawaida zinashika kitu kinaitwa antijeni I ambacho karibu kila mtu mzima anacho kwenye chembe zake. Karl Landsteiner, huyu huyu wa magrupu ya damu, alizielezea mwaka 1903. Damu ikifika kwenye vidole, masikio, pua, ambako ni baridi kuliko kifuani, kingamwili inanata kwenye chembe na kuwasha mfumo wa komplimenti, zile protini za ulinzi kwenye damu, afu damu ikirudi ndani kwenye joto ile IgM inaachia na kwenda zake lakini alama ya komplimenti imeshabaki kwenye chembe, na ini linaiona ile alama linaila chembe. Nyingine zinapasukia humohumo ndani ya mishipa na mkojo unabadilika rangi. Kwa hiyo kila safari damu inayopita kwenye kiganja cha baridi ni safari ya hasara. Watu wengi wanazo kidogo za aina hii bila shida yoyote, kwa sababu zinaamka kwenye nyuzi 4 tu na hakuna sehemu ya mwili hai inayofika hapo. Hatari ni zile zinazoamka kwenye nyuzi 28, 30 na kuendelea, maana vidole vya mtu aliyelala kwenye chumba chenye AC vinafika huko kirahisi.

Na ICU ni chumba chenye AC. Hapo ndo naumia nikikumbuka. Mzee ana homa, kwa hiyo tulimtoa blanketi, tukamfuta na kitambaa cha maji baridi, tukamwekea vifuko vya barafu kwapani, AC inampulizia miguuni, dripu zinaingia lita kwa lita kwenye joto la chumba. Vidole vikawa vya bluu ya kuiva, ncha za masikio pia, ile klipu ya oksijeni ya kidoleni ikawa haisomi, tukasema ni dawa ya presha inabana mishipa, na kwa kweli dawa ile inabana, ndo maana haikutushangaza. Mfuko wa mkojo ulikuwa umeanza kuwa mwekundu uliokolea kuelekea weusi, tukasema figo. Kila alama ilikuwa na maelezo yake ya kawaida ya ICU na kila maelezo yalikuwa na akili, na zote kwa pamoja zilikuwa kitu kimoja. Tulikuwa tunampoza mtu ambaye baridi ndo inamla, na tulifanya kwa nia njema kabisa ya kumshusha homa.

Ukimjua mgonjwa wako ana hiki kitu, au hata ukihisi tu, acha kupoza. Homa mpe dawa ya homa. Na yule aliyesimama moyo akarudishwa, ambaye pengine mngetaka kumshusha joto, na yule anayekwenda upasuaji wa moyo ambako wanapoza damu kwenye mashine, hao ndo wa kuongea na bingwa wa damu mapema kabla hamjagusa kitu.

Sasa mashine. Bingwa alitoa maagizo kwenye simu, zima AC au mpeleke chumba ambacho unaweza kukipasha, mfunike, mvalishe glavu na soksi nene na kofia, weka blanketi la hewa moto, na kila kinachoingia kwenye mshipa kipite kwenye kipasha. Himoglobini ilikuwa imeshuka tena na mzee moyo unakimbia, kwa hiyo damu ilikuwa lazima. Kuna watu wanaamini mgonjwa wa hivi haongezewi damu, sio kweli, anaongezewa, ila kwa joto na kwa uangalifu. Damu inatoka kwenye friji ikiwa nyuzi 2 mpaka 6, fikiria unaiingiza hivyohivyo kwenye mkono wa mtu ambaye kingamwili zake zinaamka kwenye baridi. Chupa moja ya damu ya friji inaweza kushusha joto la mwili wa mtu mzima kama robo ya nyuzi, kwa mtu wa kawaida sio kitu, ila kwa huyu shida kubwa ni ule mkono wenyewe inakoingilia.

Kuifunga mashine ni rahisi, nampa alama zote hapo aliyeibuni. Unabana kwenye stendi, unaingiza ule mpira wake maalum kwenye sahani, unaujaza maji ya chumvi kwanza kutoa hewa, unawasha, ndani ya dakika chache taa ya kijani. Skrini inaonyesha joto kwa namba kubwa unaiona hata ukiwa upande wa pili wa kitanda. Ina kizuizi chake, joto likizidi inajizima na kupiga kelele, na hicho ni cha muhimu sana sana kwa sababu damu ikipita nyuzi 42 hivi chembe zinaanza kuharibika zenyewe, unakuwa umekimbia baridi ukaangukia moto. Ndo maana naomba watu wasipashe damu kwenye maji ya moto ya beseni au maikrowevu hata kama wamekosa mashine. Nimesikia wanaofanya. Pembeni inapikika katikati ina barafu, na huna namba yoyote ya kukuambia.

Halafu tatizo. Hii mashine ilitengenezwa kwa ajili ya damu inayoingizwa haraka. Kwa majeruhi damu inakimbia, inatoka kwenye sahani ikiwa ya moto na kufika kwa mgonjwa ikiwa bado ya moto. Lakini mzee wetu moyo wake haukuwa wa kubeba haraka, tulikuwa tunampa taratibu, chupa moja kwa masaa matatu hivi, ni kama mililita 100 kwa saa. Kwa mwendo huo damu inatoka kwenye sahani vizuri, inaingia kwenye mpira wa kawaida wenye urefu wa mita moja na zaidi, na inatembea taratibu kwenye hewa ya chumba ikipoa njia nzima. Skrini inasoma vizuri, taa ya kijani, nesi ameridhika. Mi niliushika tu ule mpira karibu na kanula kwa mkono mtupu nikaona wa baridi. Nikashika karibu na mashine, wa moto. Nikamwita dokta nikamwambia dokta shika hapa, sasa shika hapa. Baadae tulijaribu na maji ya chumvi tupu bila mgonjwa, tukakinga yanayotoka mwisho wa mpira na kuyapima, kwa mwendo wa taratibu yalikuwa yamepoa kukaribia joto la chumba kabisa, tukaongeza kasi yakaja ya moto. Kwa hiyo ile namba ya kwenye skrini ni ya sahani, sio ya mgonjwa, na hiki ndo kitu kimoja ninachotaka kila anayesoma hapa aondoke nacho.

Tulichofanya, tulihamisha mashine kutoka kwenye stendi tukaifunga kwenye ubavu wa kitanda karibu kabisa na mkono, tukaondoa kipande cha mpira cha nyongeza ambacho watu wanakiweka kwa mazoea tu, na sehemu iliyobaki tukaipitisha chini ya blanketi la hewa moto pamoja na mkono wenyewe. Ukishika karibu na kanula inakuwa vuguvugu. Sio kamili lakini ilikuwa tofauti kubwa. Kuna mashine za aina nyingine ambazo maji ya moto yanazunguka nje ya mpira, mpira ndani ya mpira, mpaka karibu na mgonjwa, kwa hiyo haijalishi sana mwendo ni wa taratibu kiasi gani, na kwa mgonjwa wa aglutinini baridi hizo ndo naona zinafaa zaidi kuliko hii ya sahani. Kama wodi yenu inachagua, chagueni hizo. Na kama mnachagua ya sahani ulizeni sahani yake imepakwa nini, maana kuna kipasha cha sahani ya alumini ambacho mwaka 2019 kiliondolewa sokoni kwa sababu alumini ilikuwa inayeyukia kwenye dripu.

Malalamiko madogo nayo yapo. Damu ikipashwa hewa iliyoyeyuka ndani inatoka inakuwa viputo, inabidi uangalie kile kichujio cha hewa mara kwa mara. Alamu inalia kwa sauti ileile mpira ukijikunja, mlango usipofungwa vizuri na joto likipita kiasi, kwa hiyo usiku wa manane hujui ukimbie au utembee. Mipira yake ni ya matumizi mara moja na ni ya kampuni hiyohiyo tu, ikiisha stoo mashine inabaki pambo. Na ya kwetu haina betri, ambalo kwangu ni kubwa kuliko hayo mengine yote, kwa sababu mzee alitakiwa kwenda CT na chumba cha CT ndo baridi kuliko vyote hospitali nzima, ukichomoa mashine dripu inaendelea ya baridi. Tulisimamisha dripu zote zisizo za lazima kwa muda wa safari, tukamfunga mablanketi yaliyopashwa, tukapiga simu mbele wapunguze AC, tukaenda na kurudi haraka.

Blanketi la hewa moto nalo niliseme kwa sababu mashine ya damu bila hilo haina maana. Damu unayoingiza ni kidogo, damu iliyomo tayari ndani yake ndo nyingi, na ile inapoa kwenye vidole kila dakika. Blanketi letu lilikuwa zuri, lile la karatasi lenye bomba la hewa, ila naomba sana msiweke bomba lenyewe moja kwa moja chini ya shuka bila lile blanketi lake, linaunguza, na kidole ambacho damu haifiki vizuri kinaungua upesi na mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hasemi. Kagueni ngozi kila saa. Pia mtu aliyepewa dawa ya kulegeza misuli hatetemeki, kwa hiyo hakuna ishara ya kukwambia anasikia baridi, unategemea kipimajoto tu, na kile cha ndani ya mwili kinaweza kusoma 37 wakati vidole viko chini mno. Shika vidole. Kwa mkono wako. Hakuna mashine iliyonisaidia kuliko hilo.

Mashine ya kusafisha damu figo zikishindwa sisi tulikaribia kuitumia ikawa hatukuhitaji, lakini tulijadiliana mpaka mwisho, kwa sababu damu inatoka nje ya mwili inazunguka kwenye mipira mirefu na kurudi, ni njia nyingine ndefu ya kupoa, na inaweza kushikana humo na kuziba chujio. Ingebidi kipasha cha mpira wa kurudi kiwe kinafanya kazi tangu dakika ya kwanza na mipira ifunikwe. Ni hivyohivyo kwa wale wanaobadilishiwa plazma, yale majimaji ya damu. Hiyo njia ipo kwa dharura, IgM ni kubwa haitoki nje ya mishipa kirahisi kwa hiyo kuitoa kwenye plazma kunafanya kazi, ila faida yake ni ya siku chache, mwili unatengeneza nyingine.

Maabara nao wanahitaji sehemu yao kwenye hii riviu. Sampuli za mgonjwa huyu tulikuwa tunazichukua na sirinji iliyopashwa, chupa tunaiweka ndani ya themosi yenye maji ya nyuzi 37 na mtu anatembea nayo mwenyewe mpaka maabara, haiwekwi kwenye trei kusubiri mzunguko. Kwa kipimo cha kuhesabu nguvu ya zile kingamwili ni lazima seramu itenganishwe ikiwa bado ya moto, maana ikipoa kabla kingamwili zinanata kwenye chembe, zinaenda nazo chini, na seramu inabaki inaonekana safi, unaambiwa mgonjwa hana kitu wakati anacho. Grupu la damu nalo lilisumbua, chembe zinashikana zenyewe kila kisima cha kupimia, mpaka walipoziosha na maji ya chumvi ya moto ndo grupu likatoka. Usitegemee kupata damu ya mtu asiye na antijeni I, hao ni wachache mno, kinachotakiwa ni damu inayolingana kwenye nyuzi 37. Kipimo cha Coombs, kinachotazama nini kimenata kwenye chembe, kilikuja chanya kwa komplimenti, ile alama yake inaitwa C3d, na hasi kwa IgG, aina nyingine ya kingamwili, na nguvu ya kingamwili kwenye nyuzi 4 ilipita sana ile 64 ambayo inahesabiwa kuwa mpaka. LDH juu, bilirubini ya kabla ya ini juu, haptoglobini haionekani, zote ni dalili za chembe nyekundu kuharibika. Picha ikakamilika.

Kwa dawa mi sio daktari ila nisemee tulichokiona. Mwanzo alianzishiwa steroidi kwa sababu ndo mazoea, mtu chembe zake zinaliwa unampa steroidi, na kwa ule ugonjwa mwingine wa kingamwili za joto zinafanya kazi vizuri. Kwa huu wa baridi bingwa alizisimamisha, alisema hazisaidii wengi na zinaongeza maambukizi kwa mtu mwenye nimonia. Kutoa bandama pia haisaidii, maana anayekula chembe hapa ni ini. Kwa mzee wetu chanzo kilikuwa maikoplasma, yule mdudu wa nimonia anajulikana kwa kuamsha hizi kingamwili, kwa hiyo tiba ilikuwa antibiotiki inayomfaa mdudu, joto, damu, foliki asidi, sindano ya kuzuia damu kuganda kwenye mishipa maana hawa wagonjwa hatari hiyo wanayo zaidi, na kusubiri. Ya aina hii huwa inaisha yenyewe kwa wiki kadhaa. Wengine wanaipata kutokana na virusi vya Epstein-Barr au limfoma, ile saratani ya tezi. Ile ya kudumu, ambayo haina maambukizi nyuma yake bali kikundi kidogo cha chembe B, zile chembe nyeupe za kutengeneza kingamwili, kimeasi kwenye uboho, ni ya watu wazima zaidi na ni nadra kweli, utafiti mmoja wa Norway ulipata kama watu 16 kwa kila milioni wanaishi nayo, na hao wanapewa rituximab, dawa inayoziua hizo chembe B, wakati mwingine pamoja na bendamustine, dawa ya saratani. Tangu 2022 Marekani waliidhinisha sutimlimab inayozuia komplimenti hatua ya mwanzo kabisa, inasimamisha kuliwa kwa chembe haraka, ila vidole vya bluu havimalizi, kwa sababu kushikana kwa chembe hakuhitaji komplimenti. Kwa hiyo glavu zinabaki hata kwa aliyepata dawa mpya. Watoto wana ndugu wa ugonjwa huu, wa kingamwili ya Donath na Landsteiner, wanaupata baada ya virusi, mkojo unageuka ghafla baada ya baridi, huo kipimo chake ni kingine na Coombs ya kawaida inaweza isikusaidie.

Siku ya tatu ya joto mkojo ulianza kuwa njano. Klipu ya kidole ikaanza kusoma. Himoglobini ilisimama, haikupanda lakini haikushuka, na kwa mgonjwa wa hivi kusimama ni habari nzuri sana, nilimpigia mwenzangu aliyekuwa off kumwambia. Baada ya zaidi ya wiki alitolewa ventileta. Alipoweza kuongea aliuliza kwa nini amevalishwa glavu, mwanae akamweleza, akaangalia vidole vyake akavikunja na kuvikunjua, afu akasema mbona majira ya baridi siku zote vinauma na kubadilika rangi nikawa nadhani ni uzee. Bingwa alisikia akaandika kwenye faili apimwe tena baada ya miezi mitatu, kama zile kingamwili bado zipo basi huenda maikoplasma haikuwa hadithi yote.

Nyota nne kati ya tano kwa mashine. Moja nimeiondoa kwa ajili ya betri na kwa ajili ya ile namba ya skrini inayompa nesi amani ambayo mgonjwa hajaipata. Sa hivi haikai tena kabatini, iko karibu na friji ya damu, na tumeibandikia karatasi kwa maandishi makubwa: SHIKA MPIRA KARIBU NA KANULA. Kama mnaenda kununua, mwambieni anayewauzia aiwashe mbele yenu, aweke mwendo wa mililita 100 kwa saa na mpira mtakaoutumia nyinyi wodini, mkinge kinachotoka mwisho, mkipime wenyewe.